Gulio la Miche Kwenye Kiwanja cha Mtani

Lori lilimwaga kokoto pembeni ya mawaridi Jumatatu asubuhi. Kidawa alikuwa amechuchumaa anajaza udongo kwenye viriba, akadhani dereva amepotea njia.

"We baba, we!" alipiga kelele. "Huoni kama huku kuna maua? Kokoto za nani hizo?"

Dereva alimwonyesha kwa kidevu mwanamume aliyekuwa anashuka upande wa pili, kapelo kichwani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Huyo alikuja na adabu zake zote.

"Shikamoo mama. Naitwa Tito, nafyatua tofali. Mzee Silvanus kanikodisha hiki kiwanja, naanza Jumatatu ijayo. Nimetanguliza kokoto kwa sababu mvua zikianza, malori yanasumbua."

Kidawa akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, akamwambia Tito arudi kwa huyo mpagazi wake amwambie kwamba Wazaramo wamekataa. Tito hakucheka. Alimtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomkata Kidawa kicheko.

Msiwe wepesi kumlaumu. Kidawa binti Mwinyimadi ni Mzaramo, kwao Kisarawe. Mzee Silvanus ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa wapagazi wa misafara ya zamani, alikuja Kibaha kikazi akastaafia hapo hapo. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu wa mababu. Mtani humwamkii, unamtukana. Mtani anakuja kwenye msiba wako anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, na wewe umekatazwa kununa. Akichukua kuku wako bandani, unamfukuza huku unacheka. Ndivyo walivyoishi hao wawili pale mtaa wa Picha ya Ndege, na majirani walikuwa wanatoka nje na vikombe vya chai mkononi ili wasipitwe.

Hata kiwanja chenyewe kilitolewa kwa mdomo huo huo. "Chukueni," alisema Mzee Silvanus wakati klabu ya bustani inaanza. "Mkichoka kupiga ngoma mtapanda hata mchicha." Tangu hapo, kila akipita na fimbo yake alikuwa anadai kiwanja chake, na kila akidai alitukanwa. Basi mwaka huu, Januari, alidai tena: "Masika ikianza nataka kiwanja changu, Mzaramo wewe, uhamishe makopo yako." Kidawa akamjibu akachukue Tabora, hiki wamempora. Watu wakacheka, na mzee akacheka. Alirudia kwenye kipaimara cha Brighton, mtoto wa Aneth, katibu wa klabu, akarudia tena siku ya mkutano wa klabu. Mara zote Kidawa alimjibu vizuri zaidi ya mara iliyotangulia.

Sasa alivua glavu, akavuka barabara, akaenda kumgongea.

Mzee Silvanus alikuwa barazani anamenya karanga. Alipoona uso wa Kidawa aliacha kumenya.

"Nilikwambia," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikwambia mbele ya watu, na si mara moja."

"Ulikuwa unatania!"

"Mimi nilisema maneno. Kucheka ni wewe." Aliangalia karanga zake. "Kidawa, kiwanja kile kipo karibu na barabara, hakiniingizii hata ya chumvi. Na hivyo vimaua vyenu ananunua nani? Mnapeana nyie kwa nyie, mmoja anampa mwenzake mrehani, mwenzake anarudisha mchaichai. Tito ni mtu wa biashara."

"Ananunua nani? Njoo Jumamosi!" Kidawa alijisikia anasema, na neno lilikwishatoka. "Jumamosi tuna gulio la miche. Njoo kwa macho yako uone nani ananunua."

"Nikikuta watu, tutaongea."

"Hilo la kweli au la utani?"

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa, akarudi kwenye karanga. Kidawa alirudi kwake. Alikuwa na hasira naye, ndiyo, lakini alikuwa na hasira zaidi na nafsi yake. Mtu mzima na akili zake, mwenyekiti wa klabu, anaambiwa hama, anakenua meno!

Tangu mumewe afariki, nyumba yake ilikuwa kimya mpaka anasikia friji inavyounguruma. Pale kitaluni ndipo alipokuwa anaitwa jina lake. Ndipo watu walipomuuliza hivi mpapai wangu mbona unakunja majani, na mdimu wangu mbona hauzai, naye akajibu, akaitikiwa. Mtu asiyejua upweke atasema ni makopo na udongo tu. Kidawa alijua kwamba kiwanja kile kikiondoka, ataamka asubuhi hana pa kwenda.

Jioni wanachama walikutana kwa Aneth, anayefanya kazi ofisini Dar na kurudi kila siku magharibi akiwa hoi. Alipoelezwa hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha.

"Mwenyekiti," alisema, "sisi wa kutoka bara mambo yenu ya utani hatuyajui. Tulipoona unacheka tukajua hakuna neno. Tulikutegemea wewe utuambie kama mtu yule anasema kweli."

"Nimekosea, Mama Brighton. Nakiri, nimekosea."

"Basi tugawane miche, kila mtu apeleke kwake, tuokoe tunachoweza."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Kidawa alisimama. "Tukigawana leo, klabu imekufa, mje kunisalimia misibani tu. Miche ile itauzwa pale pale, Jumamosi hii, mbele ya yule mzee. Mwisho wa mwezi huo, mishahara imetoka, mawingu yanajikusanya. Kama hatuuzi sasa, hatutauza abadani. Nani yuko na mimi?"

Aneth akavua viatu vya ofisini. "Haya, tugawane kazi," alisema. "Mimi nitatangaza kwenye magrupu yote, la kanisani, la wazazi wa shule, mpaka la wanaopanda treni Soga."

Wakaanza. Aneth alileta vibao alivyoandika vizuri kwa kalamu ya rangi, majina ya kisayansi kutoka kwenye simu, na Kidawa alipovisoma alikuna kichwa.

"Mama Brighton, mnunuzi akisoma hivi si ataulizia dawa ya kunywa? Andika mche unamfanyia nini. Huu mshubiri, andika: hata ukisahau kumwagilia, haufi. Huu mstafeli: unataka jua na subira. Bogenvilia: ina miiba, ipande ukutani, mwizi atakoma."

Aneth alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akafuta, akaandika upya.

Lakini Kidawa alipotembea katikati ya mistari ya viriba aliona kilichopungua. Kijani kitupu! Miche ilikuwa na afya, lakini hata ua moja la kumsimamisha mtu barabarani halikuwepo, maana mawaridi yalikuwa yamepogolewa juzi juzi tu. Mtu anayepita na gari hasimamishwi na jani. Palepale akajua lazima aende Kisarawe, na moyo ukamwingia baridi, kwa sababu Kisarawe ni kwa shangazi yake Biubwa, na Bi. Biubwa na maua yake ni mtu na roho yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuomba nini?"

Bi. Biubwa alikuwa amekaa mkekani uani, amezungukwa na asumini ndani ya madumu yaliyokatwa, imechanua maua meupe matupu, na mikilua miwili iliyokuwa inanukia mpaka nje kwa jirani. Kidawa alimweleza yote, na alipofika kwenye kucheka kwake, bibi yule alipiga kofi paja.

"Lahaula! Wewe umezidisha. Utani una mipaka yake. Mtu akitaja kitu cha kuliwa, cheka. Akitaja ardhi, unanyamaza, unamwuliza mara mbili."

"Nimeshajua, shangazi. Sasa nataka uniazime maua."

"Kuazima maua? Tangu lini ua likaazimwa?"

"Nitayaweka mbele, yawavute watu. Sitauza hata moja. Nitayarudisha."

"Yakivunjika?"

"Nitakuja nikae hapa nikutumikie mpaka yaote mengine."

Bi. Biubwa akanyanyuka kwa kushika goti. "Sikuamini," alisema. "Nakuja nayo mwenyewe." Ijumaa jioni kirikuu ya mizigo iliingia Picha ya Ndege na asumini na mikilua nyuma, na Bi. Biubwa mbele kwa dereva, anamgombeza kila shimo.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Haikuwa rasharasha, ilikuwa masika yenyewe, inamwaga. Kidawa alipofika kiwanjani amejifunika mfuko wa nailoni, alikuta pa kuingilia pamekuwa tope, na Aneth kasimama chini ya turubai uso umemwanguka.

"Tuahirishe," alisema Aneth. "Nani atakuja na hali hii?"

"Tuahirishe mpaka lini? Jumatatu Tito anafyatua tofali hapa!" Kidawa alikuwa amekwisha kunja khanga. "Na wewe unadhani mtu ananunua mche wakati wa jua? Mvua ndiyo inayompa mtu hamu ya kupanda. Leo kila mwenye uwanja anatazama dirishani anasema, ningekuwa na mdimu ningeupanda sasa hivi. Sisi ndio wenye mdimu. Kinachotushinda ni hili tope tu."

Akaligeukia lile lundo la kokoto.

"Kidawa, hapana," alisema Aneth.

"Lete toroli."

Walizisomba, wanawake watu wazima, mmoja anapakia, mmoja anasukuma, mwingine anasawazisha kwa jembe, mpaka pakawa na njia ya kupita gari bila kuzama. Kidawa alimpigia simu Tito palepale, maana yeye si mwizi. "Baba, nimeazima kokoto zako." Tito akauliza ameziazima vipi. "Nimezimwaga mlangoni." Tito akasema, "Mama, hiyo siyo kuazima," na akakata. Kidawa aliweka simu kifuani, akaendelea kusukuma.

Mvua ilipopungua, walipanga. Mbele kabisa barabarani asumini na mikilua ya Bi. Biubwa, mwenyewe kwenye kiti katikati kama bibi harusi aliyekasirika. Nyuma yake miche ya maua, kisha miti ya matunda, na mwisho mboga, ili anayetaka mchicha wa elfu moja alazimike kupita kwenye kila kitu kingine. Hilo Kidawa alijifunza zamani alipokuwa na kibanda cha vitenge: cha bei rahisi usikiweke mlangoni.

Kwa muda mrefu hakuja mtu. Gari zilipita zikirusha maji. Kidawa alisimama wima, mikono nyuma. Kisha gari moja dogo likapunguza mwendo, likarudi nyuma, kioo kikashuka, na mwanamke aliyejitanda baibui akatoa kichwa. "Jamani, hiyo ni asumini kweli? Nasikia harufu mpaka huku!"

"Asumini ya Kisarawe," alisema Bi. Biubwa. "Na hiyo haiuzwi. Mtoto wake ndio mche ule pale nyuma, uko mzima. Ingia uone."

Mwanamke aliingia kwa asumini, akatoka na asumini, mdimu na mshubiri wa kumpelekea dada yake. Bi. Biubwa alimfungia mizizi kwa gazeti lililolowa, akimpa masharti kana kwamba anamwoza binti. Baada ya hapo ilikuwa kama watu walikuwa wamejificha mahali wanangoja mmoja atangulie. Walikuja walimu wa shule ya jirani. Walikuja watu wa kanisani kwa Aneth na miavuli yao. Alikuja mzee mmoja kutoka kata ya Janga na baiskeli, akabishana nusu saa juu ya mwembe wa kubebesha, ule wa kuunganishwa, akanunua miwili. Walikuja wafanyakazi waliohamia nyumba mpya upande wa Soga, wanaotaka kivuli kesho asubuhi, na Kidawa akawaambia ukweli kwamba kivuli hakioti kwa wiki, wakanunua hivyo hivyo. Hata Tito alikuja kuona kokoto zake, akasimama njiani akizitazama zinavyokanyagwa, na kabla hajajua kilichompata alikuwa ameshikilia mche wa mstafeli na kibao chake cha jua na subira.

Kufika adhuhuri katikati ya kiwanja palikuwa wazi, udongo unaonekana. Kidawa alikuwa anafunga mpapai alipoiona fimbo ile inaingia kwa kugonga kokoto.

Mzee Silvanus alisimama akawatazama watu. Aliwatazama kweli, mmoja mmoja, akatazama na magari yaliyopangana mpaka mtaroni. Kisha, labda kwa mazoea, labda kwa kutojua aanzie wapi, alifanya kama anavyofanya siku zote. Aliinama, akakumbatia mdimu mkubwa kuliko yote uliobaki, akaanza kuondoka nao.

"Haya Wazaramo!" alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nachukua changu! Mwenye ubavu anizuie!"

Majirani wakaanza kucheka mapema. Walimgeukia Kidawa, wanangoja amkamate shati, amuite mpagazi, amwambie mzigo huo aubebe kichwani mpaka Tabora. Mtu mmoja alishatoa simu arekodi.

Kidawa aliweka mpapai chini. Alifuta mikono kwenye khanga. Akasogea, akapiga goti kidogo, kama mtu anayemwamkia mzee wa kuheshimiwa asiyemjua.

"Shikamoo, Mzee Silvanus," alisema. "Mdimu huo chukua tu, baba. Karibu tena."

Kicheko kilikatika. Bi. Biubwa alishika mdomo. Mzee Silvanus alibaki amekumbatia kiriba, na uso wake ulibadilika kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli jipya.

"Kidawa?" alisema.

"Abee, baba."

"Usiniite baba! Mimi mtani wako! Nitukane basi."

"Mzee wangu, siwezi." Kidawa alisimama wima tena. "Mtani ni mtu unayejua lini anacheza na lini hachezi. Wewe sikujui tena. Uliniondoa hapa huku unacheka, na mimi nikakusaidia kucheka. Sasa nakuamkia kama watu wengine, ndiyo salama yangu."

Mzee Silvanus aliuweka mdimu chini polepole.

"Niliona haya," alisema. Alisema taratibu, lakini palivyokuwa kimya kila mtu alisikia. "Pensheni haitoshi, mke wangu anaumwa, Tito akaja na pesa yake. Kukufuata kwako, nikukalie sebuleni nikwambie Kidawa ondoka, sikuweza. Nikaona nikisema kwa utani nitakuwa nimesema. Nilijua hujaelewa. Kila ulivyocheka nilijua hujaelewa, nikaenda zangu."

Kidawa hakujua kuhusu mke. Moyo ulimlegea, ukataka kusamehe palepale, akaukataza. Alikuwa amefika mbali mno kuondoka na nusu neno.

"Basi na mimi nitasema bila utani," alisema. "Kiwanja cha bure hatukitaki tena. Cha bure hakina usemi. Tutakulipa kodi kila mwezi kama anavyolipa Tito, katibu huyu hapa, na wanunuzi umewaona. Wewe tuambie, tunabaki au hatubaki?"

Mzee alimgeukia Tito. "Ule uwanja nyuma ya nyumba yangu unakutosha?"

Tito alihamisha mstafeli wake mkono mwingine. "Unanitosha, mzee. Ila kokoto zangu..."

"Tutazisomba wenyewe," alisema Aneth haraka.

"Mnabaki," alisema Mzee Silvanus.

"Sema tena," alisema Kidawa. "Sema kwa sauti, watu wasikie, na usicheke."

Mzee Silvanus alivua kofia. Alisema mbele ya wote, neno baada ya neno, kwamba kiwanja hiki amewapangisha klabu ya bustani, hawatatolewa, na kama yeye akitangulia, wanawe wataambiwa na hawa waliosikia. Hakutabasamu hata kidogo. Alipomaliza alibaki na kofia mkononi, mvua imeanza kumdondokea kwenye upara, anamtazama Kidawa kama mtoto anayengoja kuitwa ale.

Kidawa alifungua kinywa, machozi yakatangulia. Akayafuta kwa ncha ya khanga, akajikohoza, akaweka mkono kiunoni.

"Sasa umesimama hapo unangoja nini?" alipiga kelele, mpaka wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Toa pesa ya mdimu, Mnyamwezi mwizi wewe! Bei yako mara mbili! Na ukishalipa kamata jembe uchimbe mashimo, au huko kwenu mnajua kubeba mizigo ya Waarabu tu?"

Mzee Silvanus aliingiza mkono mfukoni kutafuta pochi, mabega yanamcheza, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema kama analia au anacheka.